Nyumba imejaa watu, mbona nashinda peke yangu?

*"Nina miaka 69, naishi kijijini juu ya Tukuyu. Mume wangu alifariki miaka 3 iliyopita. Naishi na mwanangu wa pili, mkewe na wajukuu 4, kwa hiyo siwezi kusema sina watu. Lakini nashinda kama niko peke yangu. Mkamwana hanisemeshi. Akiongea na watoto wananong'ona, na nikiingia jikoni wananyamaza. Mwanangu mwenyewe nikizungumza naye tunaelewana vizuri tu, ila anatoka na bodaboda alfajiri anarudi usiku. Ugomvi ulianza mwaka jana kwa sababu ya maziwa. Mkamwana aliniambia ya jioni yauzwe, nikauza; kumbe anadai alisema yasiuzwe, ni ya mtoto, na kwamba nilifanya makusudi. Akanijibu mbele ya watoto, nami nikamtamkia maneno ninayoyajutia. Kikundi cha akina mama kanisani nimeacha kwenda, mazungumzo yao siyafuati tena na yananichosha. Mwanangu mkubwa yuko Dar es Salaam. Anatuma pesa na kupiga simu: mama umekunywa dawa ya presha? Basi, anakata. Sasa hivi na baridi hii nashinda chumbani na jiko la mkaa, mlango nimefunga, usiku nalala nalo. Naamka kichwa kizito. Binti yangu wa Mbeya mjini anataka kunichukua moja kwa moja. Je, huu ni uzee tu? Nihame? Au nimekosa shukrani, maana kuna wenzangu hawana hata mtoto wa kuwachotea maji?"*

Shikamoo mama, na pole kwa kuondokewa na mzee. Miaka 3 si mingi kwa mtu aliyezoea sauti moja ndani ya nyumba tangu ujana wake.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokuumiza bila sababu. Hujakosa shukrani. Kuwa peke yako na kuwa mpweke ni vitu viwili. Wako watu wanaoishi peke yao nyumba nzima na wametulia, na wako wanaolala nyumba moja na watu saba huku moyo ukiwa umekauka. Upweke ni ile nafasi iliyopo kati ya ukaribu unaouhitaji na ukaribu unaoupata. Hauhesabiwi kwa vichwa vya watu sebuleni. Kwa hiyo jirani yako asiye na mtoto hakupunguzii wewe chochote kwa kuwa na hali mbaya zaidi, kama vile njaa ya mwenzako isivyokushibisha.

Wala si uzee tu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na wanaousikia zaidi ni vijana, hasa wa umri wa balehe. Ripoti hiyo hiyo inavunja dhana nyingine tunayoipenda sana, kwamba upweke ni ugonjwa wa Ulaya na sisi tuna ujamaa wetu. Katika nchi za kipato cha chini waliosema ni wapweke walifika asilimia 24 hivi, wakati nchi tajiri walikuwa karibu asilimia 11. Ukiambiwa "zoea mama, ndio uzee huo", usikubali. Hili ni jambo lenye sababu, na sababu zake nyingine zinatibika.

Barua yako ina mambo mawili uliyoyataja kwa kupita tu. Mimi nayaweka mbele ya yote, kabla hatujamgusa mkamwana wala safari ya Mbeya.

La kwanza haliwezi kusubiri hata usiku mmoja. Ni jiko. Mkaa ukiungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni, ndiyo maana mtu hashtuki. Inaingia kwenye damu na kung'ang'ania mahali panapopaswa kukaa oksijeni, tena kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kizito cha asubuhi, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuwa kama ina ukungu, kisha nafuu ukikaa nje kwenye hewa: hizo ni dalili zake, na usiku mmoja wa bahati mbaya inaua. Makaa yaliyofunikwa na majivu meupe bado yanaitoa, kwa hiyo usidanganyike kwamba "limeshapoa". Ota moto mlango na dirisha vikiwa wazi, au sehemu ya wazi pamoja na wengine, na jiko litoke nje ya nyumba kabla hujapanda kitandani. Kwa usiku, vaa soksi, kofia na sweta mbili, na weka miguuni chupa ngumu ya maji ya moto yasiyochemka, kifuniko kimekazwa vizuri, imeviringishwa kwenye kanga mbili ili isikuunguze. Ukikaa wiki moja bila jiko chumbani na kichwa bado ni kizito, nenda zahanati wakupime presha. Na kama asubuhi moja utaamka umechanganyikiwa au unatapika, utolewe nje mara moja na kupelekwa hospitali.

La pili ni masikio yako. Siwezi kukupima kwa barua, lakini soma tena maneno yako mwenyewe. Mwanao, mwenye sauti nene, unamwelewa. Mkamwana na watoto, wenye sauti nyembamba, "wananong'ona". Mazungumzo ya watu wengi kwa pamoja yanakuchosha. Na mgogoro mzima umesimama juu ya silabi moja: yeye alisema *yasiuzwe*, wewe ukasikia *yauzwe*.

Usikivu unaopungua kwa umri haupungui sawasawa kama redio inayoteremshwa sauti. Zinazotangulia kupotea ni sauti za juu, nyembamba. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni nene na zina nguvu, kwa hiyo unaendelea kusikia kwamba mtu anaongea. Zinazodondoka ni s, sh, f, ch, th, na sauti za wanawake na watoto zinazozibeba. Kiswahili kimeweka makatazo yake mengi kwenye hiyo hiyo "si": uje na usije, afungue na asifungue, yauzwe na yasiuzwe. Silabi ndogo ikimezwa, katazo linageuka kuwa amri. Ongeza mvua ya Rungwe juu ya bati, kuni zinazopasuka jikoni na mtu anayezungumza huku amekupa mgongo, hapo hata mwenye masikio mazima atakisia.

Sasa geuza upande. Mara ngapi mkamwana amekusalimu ukiwa umeinama kwenye kinu au unafagia, nawe ukaendelea na kazi kwa sababu hukusikia? Kwa mkamwana, mama mkwe asiyeitikia salamu ametuma ujumbe mzito. Baada ya mara tano au sita, mtu mwenye heshima zake huacha kusalimu. Inawezekana kabisa kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna wanawake wawili, kila mmoja anaamini kuwa mwenzake ndiye aliyenyamaza kwanza.

Jipimeni nyumbani, ni kazi ya dakika tano. Kaa kwenye kigoda mahali tulivu, redio imezimwa. Mjukuu mkubwa asimame nyuma yako, umbali wa urefu wa mkono, usimwone mdomo. Ziba sikio moja kwa kubonyeza kile kinyama kidogo cha mbele ya tundu na kukisugua taratibu. Yeye atoe pumzi yote kwanza, ndipo anong'one maneno matatu kama "saba, nne, sita". Uyarudie. Ukikosea, anong'one mengine matatu tofauti. Ukipata angalau 3 kati ya 6, sikio hilo linajitahidi. Ukipata chini ya hapo, linahitaji kupimwa. Kisha fanyeni sikio la pili, kwa maneno mapya.

Kabla ya kufikiria vifaa, nta iangaliwe, kwa sababu nta iliyojaa na kukauka peke yake inaweza kuziba sikio la mzee. Kama hakuna maumivu wala usaha, na hujawahi kuambiwa ngoma ya sikio imetoboka, tia matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni ya dukani, yasiyopashwa moto sana, kila usiku kwa siku 5 hivi, ukilala ubavu dakika kumi. Halafu zahanati au kituo cha afya waangalie ndani na kusafisha. Usitumie njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, pini ya nywele wala vijiti vya pamba. Vyote vinaisukuma nta ndani zaidi au kutoboa ngoma. Kama nta si tatizo, hospitali ya wilaya pale Makandana watakuandikia rufaa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kliniki ya masikio, pua na koo. Ukishauriwa kutumia kifaa cha kusikilizia, usinunue kile cha mkononi kwa machinga bila kupimwa. Kinaweza kukuza kelele zote kwa pamoja, za sufuria na za watu, ukakitupa kabatini. Na hata kilicho sahihi kinahitaji kuzoewa: anza saa moja au mbili kwa siku, chumba kikiwa kimya, ongeza polepole kwa wiki kadhaa. Wengi hukata tamaa siku ya tatu, na hapo ndipo wanapokosea.

Wakati ukisubiri hayo, kuna msaada usio na gharama. Anayesema nawe akuite kwanza, ukimgeukia ndipo aanze. Uso wake uwe upande wa mwanga, wa dirishani au mlangoni, ili uone midomo. Asipige kelele, maana kelele zinapotosha maneno na zinafanana na ukali; apunguze mwendo na ateremshe sauti iwe nene. Ukikosa neno, aseme kwa maneno mengine badala ya kurudia lile lile. Watoto wafundishe kama mchezo, watakuwa wa kwanza kushika.

Tukija kwenye upweke wenyewe, kuna jambo ambalo mtafiti wa Marekani, John Cacioppo, alilifanyia kazi miaka mingi kule Chicago, na ukilielewa utajielewa. Alisema upweke ni kengele ya mwili kama ilivyo njaa au kiu. Kazi yake ni kukurudisha kwa watu, kwa sababu binadamu aliyeachwa na wenzake porini hakuwa salama. Lakini kengele hiyo ina kasoro. Inapolia muda mrefu, mwili hukaa macho kama mlinzi wa usiku. Usingizi unakatika-katika, moyo unashtuka upesi, na jicho linaanza kutafuta hatari kwenye nyuso za watu kabla ya kutafuta wema. Wakinyamaza ulipoingia, mlinzi anasema: walikuwa wanakusema. Wakicheka, anasema: wanakucheka. Ukiamini, unakunja uso au unarudi chumbani. Wao nao wakiuona uso uliokunjwa wanapunguza kukukaribia, na mlinzi anasema: si nilikwambia?

Sisemi unajitungia. Yawezekana siku nyingine walikusema kweli. Ninachosema ni kwamba akili yenye upweke haipimi ushahidi sawasawa, na hili si kasoro ya tabia yako, ndivyo ilivyoumbwa. Mwaka 2011 wachambuzi walipojumlisha majaribio mbalimbali ya kupunguza upweke, yaliyosaidia zaidi yalikuwa yale yaliyomfundisha mtu kuzikagua tafsiri zake. Yale ya kumkusanyia watu tu yalisaidia kidogo. Jaribu hivi kwa wiki mbili: kila ukihisi umetengwa, jiulize, niliona au kusikia nini hasa? Kisha tafuta maelezo mengine mawili yanayowezekana. "Walinyamaza nilipoingia" yaweza kuwa walikuwa wananisema. Yaweza pia kuwa mtoto alikuwa amemaliza hadithi yake, au mkamwana aliogopa kusema neno lisikike vibaya kama lile la maziwa. Huna haja ya kuchagua lipi ni kweli. Kuwa na matatu badala ya moja kunatosha kumkalisha yule mlinzi.

Tutenganishe pia upweke wa aina mbili, kwa sababu dawa zake hazifanani. Uko wa kumkosa mtu mmoja wa ndani, aliyejua unapenda chai ya namna gani na aliyekuamini bila kuuliza. Huo alikuachia mzee alipoondoka, na hakuna mjukuu, mkamwana wala binti anayeweza kuuziba. Ukiwadai wauzibe mtaumizana bure. Unapunguzwa na kumzungumzia mzee waziwazi, kwa jina, na mtu aliyemjua. Uko wa pili, wa kukosa wenzako, watu wa rika lako mnaokumbuka nyimbo zile zile. Huo unatibika, na umeuongeza mwenyewe siku ulipoacha kikundi.

Kinyakyusa chenu kina neno lake kwa jambo hili, *ukwangala*: kukaa na wenzako, kuzungumza, kula na kunywa pamoja, kufurahia kuwa na watu. Wazee wa zamani waliliheshimu kiasi kwamba walijenga vijiji kwa rika. Vijana wa umri mmoja walianza makazi yao pamoja wakazeeka wakiwa majirani. Hawakutegemea kwamba watoto peke yao wanamtosha mzazi. Walijua pia uhusiano wa ukweni una miiba, na kulikuwa na mwiko mkali wa baba mkwe na mkamwana kukwepana hata njiani. Sidai turudi huko. Nakuonyesha tu kwamba kutaka wenzako si utoto, na kupata shida na mkwe si aibu mpya iliyoanzia kwako.

Kwa hiyo usianze na kikundi kizima, masikio yako hayako tayari. Chagua wanawake wawili wa rika lako walio umbali wa kutembea. Siku moja ya wiki ni ya mmoja, siku nyingine ya mwenzake, saa ile ile, asubuhi kabla mvua haijajenga. Beba kitu kidogo, bakuli la mbalaga au mkono wa ndizi, lakini na wewe uombe kitu: mbegu, akutungie uzi kwenye sindano, akusomee ujumbe kwenye simu. Anayetoa tu bila kuomba humfanya mwenzake ajisikie mdaiwa, na mdaiwa hukwepa. Kaa saa moja, ondoka bado mnatamaniana. Ziara mbili za kwanza zitakuchosha na utajisikia umewasumbua. Nenda ya tatu. Kikundi cha kanisani mtumie mwenyekiti salamu kwamba hujakasirika na mtu, masikio ndiyo yanayokusumbua. Omba kazi ya kutembelea wagonjwa. Huko unazungumza na mtu mmoja kwa wakati, ana kwa ana.

Sasa mkamwana. Ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuitisha kikao cha ukoo. Usianze nacho. Kikao kina wasikilizaji, na mbele ya wasikilizaji kila mtu hutetea heshima yake. Usimtumie mwanao pia kupeleka maneno, kwa maana kijana aliyewekwa katikati ya mama na mke akisema kweli anampoteza mmoja, akinyamaza anawapoteza wote wawili.

Tafuta kazi ya mikono inayowaweka ubavu kwa ubavu, kama kuchambua maharage au kumenya ndizi. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana, na kimya hakiwi kizito. Mwambie mjukuu atoke na wenzake. Kaa upande ambao sikio lako zuri linamwelekea. Kisha sema mambo matatu tu, mafupi: kosa lako, bila "lakini", kinachokusumbua, na ombi moja dogo. Kwa mfano: "Mwanangu, siku ile ya maziwa nilikutamkia maneno mabaya mbele ya watoto. Nimekosa, nisamehe. Nimegundua masikio yangu yanapoteza maneno, nadhani hata hilo la maziwa lilinipotea. Nakuomba, ukiwa na neno kwangu, niite kwanza nikuangalie." Halafu endelea kuchambua maharage.

Usiseme "na wewe pia ulinikosea". Usitoe hesabu ya mambo ya tangu harusi. Usimtake akuombe msamaha hapo hapo. Akilia, mpe muda. Akikujibu kwa ukali, mwambie "nimekusikia, mwanangu", na usiongeze. Uwezekano mkubwa ni kwamba atanyamaza, kisha siku tatu nne baadaye utaona jambo dogo: kikombe cha chai kimeletwa mpaka mlangoni, au mtoto ametumwa kukuuliza kama umekula. Hilo ndilo jibu. Lipokee kwa jina, "ahsante mwanangu kwa chai", usilipite kimya. Baada ya hapo wekeni utaratibu wa maziwa ambao hautegemei sikio: chombo kimoja cha kuuza, kingine cha watoto, rangi tofauti. Ukiona miezi miwili imepita na hakuna kilichosogea, hapo ndipo unaweza kumwita mtu mmoja mnayemheshimu wote wawili, shangazi au mama mchungaji, mmoja tu.

Mwanao wa Dar es Salaam anakupenda; anaogopa. Kuuliza dawa ndiyo njia anayoijua ya kuuliza kama utakufa. Mwambie wazi: "Pesa imefika, dawa nakunywa. Sasa Jumapili baada ya ibada nipe dakika kumi na tano, nataka habari zako." Kisha umwombe ushauri na umpe wako, mambo ya kweli: mgomba upi ukatwe, mtoto wake anasumbua nini shuleni. Mtoto anayemwona mama yake kama orodha ya mahitaji hukata simu upesi, na si kwa ubaya.

Kuhusu kuhamia Mbeya moja kwa moja, nakushauri usihame, si sasa. Wazee wengi wanaohamia mjini kwa haraka hupoteza kwa mpigo mmoja shamba, kanisa, majirani, na mamlaka juu ya jikoni. Binti anatoka kazini jioni, geti limefungwa, na mama anageuka mlinzi wa nyumba mwenye televisheni. Upweke unahama naye. Tena kama masikio hayajashughulikiwa, ugomvi wa *yauzwe* na *yasiuzwe* utazaliwa upya, safari hii na binti wa kumzaa.

Lakini kwenda kwa muda ni jambo jema. Baridi hii ikusogeze Mbeya wiki sita, kliniki ya masikio iko mji huo huo, na urudi Septemba kabla ya kuandaa mashamba. Hata Mbeya kuna baridi, kwa hiyo lile la jiko linakuhusu na huko. Usiuze ng'ombe, usikabidhi shamba, usitie dole gumba kwenye karatasi yoyote ya ardhi katika kipindi hiki, hata kama anayeileta ni mtoto wako. Mkiwa huko, muulize binti maswali magumu: nani atakuwa nyumbani mchana, utalala na nani, kanisa liko umbali gani, mumewe ameridhika kwa kinywa chake mwenyewe? Ukiwa tayari una majibu na umeishi nayo wiki sita, uamuzi utakuwa wako.

Kuna hali ambazo ushauri huu wote hautoshi, na unatakiwa kuonana na mhudumu wa afya uso kwa uso. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huoni raha kwa chochote, hamu ya kula imekwisha na nguo zinapwaya, unaamka saa 9 usiku na huwezi kulala tena, au unajiona mzigo, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika hata kwa mwenye miaka 80. Kama unatamani kufa au unawaza kujidhuru, mwambie mtu siku hiyo hiyo, asikuache peke yako, uende hospitali. Na dawa za kunyunyizia viazi na nyanya zitolewe nyumbani au zifungiwe, ufunguo ukae na mwingine. Kama kumkumbuka mzee bado kunakuzuia kufanya shughuli za kila siku kama ilivyokuwa mwaka wa kwanza, liseme hilo pia. Mzee akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, usimsubirishe mpaka kesho. Mara nyingi ni maambukizi, sukari au dawa. Akianza polepole kupotea njia alizozizoea au kudai anaibiwa vitu alivyoviweka mwenyewe, apimwe kumbukumbu.

Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60 na inaelekeza wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Anzia kwa mtendaji wa kijiji upate utambulisho, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ofisi hiyo hiyo, mwenyekiti wa kijiji na dawati la jinsia la polisi ndio pa kukimbilia iwapo mzee ananyimwa chakula, anapigwa, ananyang'anywa ardhi, au kumeanza minong'ono ya uchawi kwa sababu ya macho mekundu ya moshi. Barua yako haionyeshi hayo. Yakiwepo, acha habari za kuchambua maharage pamoja. Tafuta ulinzi kwanza.

Kuhusu mpangilio: mpigie binti umwambie utakuja kwa wiki sita na kwamba una miadi ya masikio. Kabla ya kupanda gari, kaa na mkamwana kama nilivyoeleza, kwa sababu ukiondoka bila neno kijiji kitasema amekufukuza, naye ataliamini. Mtajie tarehe ya kurudi. Na funguo za banda la kuku mwachie yeye, mkononi, si kwa mtoto.